Mtoto Huyu Yuko Darasa la Ngapi Sasa? Kanzidata ya Shule na Swali Linaloulizwa Vibaya

Neno "wanafunzi hewa" liliingia midomoni mwa Watanzania kwa nguvu mwaka 2016. Serikali ilikuwa imeanza kutoa elimu bila malipo Januari ya mwaka huo, ruzuku zikawa zinapelekwa shuleni kwa hesabu ya vichwa, na uhakiki ulipofanyika wakagundulika wanafunzi zaidi ya 65,000 waliokuwamo kwenye takwimu lakini hawamo madarasani. Tangu hapo, kila idadi iliyo kwenye mfumo inapopishana na idadi ya watoto waliokaa kwenye madawati, maelezo yanayokuja haraka ni hayo hayo: kuna mtu amebuni majina ili ale fedha.

Wakati mwingine ndivyo ilivyo, na anayebuni majina ya watoto ili ajilipe anastahili kuchukuliwa hatua bila huruma. Lakini kuna chanzo kingine cha tofauti hizo ambacho hakizungumzwi sana. Mfumo unaweza kuwa na taarifa za kweli, kila mstari umeingizwa na mwalimu mwaminifu, kisha mtu wa ofisini akauliza swali lisilokamilika. Kompyuta humjibu kile kile alichouliza. Jibu hutoka na watoto wa ziada, au watoto pungufu, na hakuna aliyeiba hata shilingi.

Swali lenyewe husikika jepesi kuliko yote: mwanafunzi huyu yuko darasa gani sasa hivi?

Tuanze na maneno. Kanzidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ndani ya kompyuta kwa namna inayowezesha kuulizwa. Taarifa hukaa kwenye majedwali, na jedwali lina mistari na safuwima. Jedwali la wanafunzi, kwa mfano, huwa na mstari mmoja kwa kila mtoto: namba yake, jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa. Kuiuliza kanzidata ni kuandika maagizo, mara nyingi kwa lugha iitwayo SQL, yanayosema: niletee mistari yenye sifa hizi. Mwalimu mkuu anayebonyeza kitufe cha "orodha ya darasa" haoni maagizo hayo, lakini yapo nyuma ya kitufe, na kuna mtu aliyeyaandika.

Sasa darasa la mtoto liandikwe wapi? Wazo la kwanza ni kuongeza safuwima ya "darasa" kwenye jedwali la wanafunzi. Mtoto yuko la Tatu, unaandika la Tatu. Januari ikifika unafuta, unaandika la Nne. Utaratibu huu hauleti shida mpaka siku afisa elimu kata anapotaka kujua ni watoto wangapi walikariri Darasa la Nne mwaka jana, au mzazi anapohitaji barua inayoonyesha mwanawe alisoma wapi mwaka 2023. Kilichofutwa hakipo tena.

Walimu walijua hatari hii miaka mingi kabla ya kompyuta kufika shuleni. Ndiyo maana shule ilikuwa, na nyingi bado zina, vitabu viwili. Kimoja ni rejista ya kuandikisha wanafunzi, kitabu kikubwa cha kudumu ambamo kila mtoto aliyewahi kupokelewa ana mstari wake, na akihama au akimaliza huandikwa tarehe na sababu. Cha pili ni daftari la mahudhurio, ambalo kila darasa huanza jipya kila mwaka. Ukitaka kujua nani yumo darasani leo hufungui rejista, unafungua daftari. Rejista ina majina ya watoto wa mwaka 1987 ambao leo ni wazazi wa wanafunzi wa shule hiyo hiyo, na hakuna mwalimu mkuu mwenye akili timamu anayeweza kuhesabu majina yote yaliyomo na kuyatuma wilayani kuwa ndiyo idadi ya wanafunzi wake.

Kanzidata imeviweka vitabu hivyo viwili pamoja, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Historia na hali ya leo zinakaa kwenye jedwali moja, na kinachozitenganisha ni tarehe tu.

Jedwali hilo tuliite "usajili". Kila mtoto anapoingia darasa, linaongezwa mstari. Anapotoka, mstari hufungwa kwa kuandikwa tarehe ya kutoka na sababu, ingawa hapa naonyesha tarehe tu. Chukua mtoto wa mfano, tumwite Zawadi. Hii ndiyo mistari yake:

| Namba ya mstari | Shule | Darasa | Kuingia | Kutoka |
|---|---|---|---|---|
| 1 | ya kwanza | la Nne | Januari 2023 | Desemba 2023 |
| 2 | ya kwanza | la Tano | Januari 2024 | Januari 2024 |
| 3 | ya kwanza | la Nne | Januari 2024 | Desemba 2024 |
| 4 | ya pili | la Tano | Machi 2025 | (wazi) |
| 5 | ya kwanza | la Tano | Januari 2025 | Machi 2025 |

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Zawadi alisoma Darasa la Nne mwaka 2023. Shule zilipofunguliwa Januari 2024 aliandikishwa la Tano pamoja na wenzake, kisha matokeo ya upimaji wa kitaifa yakatoka, hakuwa amefikia alama za kuendelea, akarudishwa la Nne. Mwaka 2025 akapanda la Tano, na Machi mama yake akahamia mji mwingine. Shule ya pili iliingiza taarifa zake siku aliyopokelewa. Shule ya kwanza ilikuwa na shida ya mtandao, ikaingiza mstari wake baadaye. Ndiyo maana mstari wa 5 unaeleza mambo yaliyotokea kabla ya yale ya mstari wa 4.

Mtu wa takwimu akihesabu mistari ya usajili ya mwaka 2025, Zawadi anatokea mara mbili: mara moja katika kila shule. Huu ndio mtego wa kwanza, na ndio unaonasa wengi zaidi. Mistari si watoto. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ya sekondari ni 25,000. Mtoto mmoja akihesabiwa mara mbili haonekani, lakini wilaya yenye uhamisho mwingi, labda ya migodini au ya pembezoni mwa jiji ambako wapangaji huhama kila kukicha, inaweza kuonekana ina wanafunzi hewa mamia kwa swali moja lililoandikwa kwa haraka.

Mtu wa pili ni mwerevu kidogo. Anasema: watoto hupanda, hawashuki, kwa hiyo nitachukua darasa kubwa kuliko yote aliyowahi kusoma mtoto. Muulize swali hilo Juni 2024, wakati Zawadi amekaa Darasa la Nne kwa mara ya pili. Atajibiwa la Tano. Kila mtoto aliyekariri anapotea kwa njia hiyo, na wanaokariri ndio hasa ambao afisa elimu alihitaji kuwaona.

Wa tatu anatafuta mstari wa mwisho kuingizwa. Mstari wa mwisho ni wa 5, kwa hiyo Zawadi yuko shule ya kwanza, alikoondoka Machi. Kosa hapa ni kuchanganya wakati jambo lilipotokea na wakati lilipoandikwa. Katika nchi ambayo mwalimu hulazimika kusafiri hadi makao makuu ya kata au wilaya kutafuta mtandao, nyakati hizo mbili hupishana kwa wiki nzima, hata zaidi.

Wa nne ndiye anayenisikitisha, kwa sababu kosa lake ni gumu kuliona. Anaiambia kanzidata: kwa kila mwanafunzi, niletee tarehe kubwa ya kuingia na darasa kubwa. Anadhani ameomba mstari mmoja. Hapana, ameomba vitu viwili visivyohusiana, na kompyuta inaweza kuchukua tarehe kutoka mstari mmoja na darasa kutoka mwingine, ikavishona pamoja. Jibu linaloletwa halimo popote kwenye jedwali. Kama kuna mwanafunzi hewa wa kweli aliyezaliwa ndani ya kompyuta, ni huyu.

Basi swali sahihi linaulizwaje? Kwanza kabisa, acha kusema "sasa". Kompyuta haina "sasa" ya shule, ina tarehe. Chagua siku, kisha uliza nani alikuwa ameingia kufikia siku hiyo na hakuwa ametoka. Kwa SQL, swali zima ni fupi hivi:

```
SELECT mwanafunzi, shule, darasa
FROM usajili
WHERE tarehe_kuingia <= '2025-03-31'
  AND (tarehe_kutoka IS NULL
       OR tarehe_kutoka > '2025-03-31');
```

Mstari wa kwanza unataja safuwima tunazozitaka, wa pili unataja jedwali. Wa tatu unasema: awe ameingia tarehe 31 Machi 2025 au kabla. Miwili ya mwisho inasema: ama nafasi ya tarehe ya kutoka iko wazi, ama ametoka baada ya siku hiyo. Ukiiendesha kwa Zawadi unapata mstari mmoja tu, wa 4: shule ya pili, Darasa la Tano. Badilisha siku iwe 30 Juni 2024, unapata mstari wa 3: Darasa la Nne, kama ilivyokuwa.

Uzuri wa swali hili ni kwamba jibu lake halibadiliki kila mtu anapouliza kwa wakati wake. Wilaya ikiuliza Aprili na mkoa ukauliza Agosti, wote wakitaja tarehe 31 Machi, wanapaswa kupata idadi ile ile, isipokuwa kama kuna shule iliyochelewa kuingiza taarifa. Ofisi mbili zinapogombana kuhusu idadi ya wanafunzi wa shule moja, la kwanza la kuuliza ni kila moja ilitumia tarehe gani. Mara nyingi mmoja amehesabu Januari, wiki ambayo Darasa la Kwanza bado linaandikishwa na la Saba wa mwaka jana hawajafungiwa mistari yao, na mwingine amehesabu Machi.

Lakini swali zuri haliwezi kuponya taarifa mbovu. Nafasi ya tarehe ya kutoka iliyo wazi ina maana mbili zisizofanana: mtoto bado yupo, au mtoto ameondoka na hakuna aliyeandika. Kompyuta haiwezi kuzitofautisha. Mtoto aliyeacha shule kimya kimya, akaenda kuchunga au kufanya kazi za ndani mjini, anabaki na mstari wazi mpaka mtu aufunge. Ndivyo mtoro wa muda mrefu anavyogeuka mwanafunzi hewa bila mkono wa mwizi. Na uhamisho ukifanyika upande mmoja tu, mtoto anakuwa na mistari miwili iliyo wazi, kila shule ikimdai.

Hapo wataalamu wengi hukimbilia kuongeza sharti: mistari ikiwa miwili, chukua yenye tarehe ya karibuni zaidi. Idadi inapungua, ripoti inapendeza, na tatizo limefichwa. Mimi napinga njia hiyo isipokuwa pale ambapo orodha ya migongano nayo inatolewa kando. Mtoto mwenye mistari miwili iliyo wazi ni jambo la kumpigia simu mwalimu mkuu. Huenda amehama. Huenda pia ni watoto wawili waliopewa namba moja kimakosa, na ukichagua mstari mmoja umemfuta mwenzake.

Hili la namba lina imani yake potofu: kwamba mtoto akishapewa namba ya kudumu, utata umekwisha. Tanzania Bara, Baraza la Mitihani lina mfumo wa PReM, ambao humpa mwanafunzi namba na kushughulikia uhamisho wake kati ya shule na shule. TAMISEMI nayo ina mfumo wa taarifa za shule, SIS. Kenya ilianzisha mfumo wake, NEMIS, mwaka 2017, kila mwanafunzi akapewa namba yake ya pekee, na sasa inahamia mfumo mpya uitwao KEMIS. Namba hizi zimesaidia mno, kwa sababu kutafuta watoto kwa majina ni balaa: Rehema Juma ni wengi katika kata moja, na Husna wa shule hii huandikwa Husuna katika shule ile. Hata hivyo namba hueleza mtoto ni nani. Haielezi yuko wapi. Mtoto mwenye namba moja safi anaweza kuwa na mistari mitano kama Zawadi, na maswali yote mabaya niliyoyataja yatamkosea vile vile.

Imani nyingine ni kwamba darasa halihitaji kuandikwa kabisa, kwani linakokotoleka: aliyeanza la Kwanza mwaka fulani, miaka mitatu baadaye yuko la Nne. Wapo watengenezaji wa programu walioijenga hesabu hiyo ndani ya mifumo ya shule binafsi, na kukariri tu kunatosha kuivunja. Kinachokuja ni kikubwa zaidi. Chini ya sera ya elimu ya Tanzania, toleo la 2023, elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba kuwa sita. Watoto waliokuwa Darasa la Tatu mwaka 2024, walioanza na mtaala mpya, watamaliza la Sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia watamaliza la Saba. Makundi mawili yatahitimu pamoja na kuingia sekondari pamoja Januari 2028. Mfumo uliofundishwa kwamba anayemaliza la Sita anakwenda la Saba utawapeleka watoto hao kwenye darasa ambalo halipo. Kenya wameshapita njia kama hiyo: Januari 2025 hakukuwa na wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza, kwa sababu kundi ambalo lingeingia lilikuwa linaanza Gredi ya 9. Hesabu yoyote iliyoongeza moja kila mwaka ilikwama hapo.

Kuna pia wanaosema: tufute mistari ya zamani, tubaki na ya leo, utata uishe. Wakumbuke Novemba 2021, Serikali ya Tanzania iliporuhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi kwenye shule za kawaida. Msichana aliyetoka Kidato cha Pili akarudi miaka miwili baadaye anahitaji mstari wake wa zamani uwepo, umefungwa kwa tarehe yake, na mpya ufunguliwe chini yake. Mstari wa zamani ukifutwa, atalazimika kuthibitisha upya kwamba aliwahi kusoma. Na ukifunguliwa ule wa zamani badala ya kuongezwa mpya, kanzidata itadai alikuwa darasani miaka yote ile. Kwa heshima yake na kwa usahihi wa takwimu, ni mistari miwili.

Jambo moja la kisheria nalitaja kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa shule pia. Anayehitaji idadi ya watoto kwa darasa apewe idadi. Hana haja ya majina, tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi. Swali zuri huomba safuwima zinazohitajika na kuishia hapo.

Limebaki swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza, nalo kwangu ndilo zito. Tumezungumza muda wote kuhusu watoto waliozidi kwenye mfumo. Vipi waliopungua? Mtoto aliyekaa kwenye dawati, jina lake liko kwenye daftari la mahudhurio, lakini kwenye usajili hana mstari ulio wazi. Uhamisho wake ulifungwa na shule aliyotoka, na shule aliyofikia haikumpokea kwenye mfumo. Huyu hahesabiwi kwenye ruzuku, hapangiwi kitabu, na ikifika zamu yake ya upimaji wa Darasa la Nne au mtihani wa la Saba, jina lake halimo kwenye orodha ya watahiniwa. Habari zake haziandikwi magazetini kwa sababu hakuna fedha iliyopotea. Fedha haikuja kabisa.

Swali lolote linalotafuta mistari iliyo wazi kwenye jedwali la usajili haliwezi kumpata, maana hana mstari wa namna hiyo. Inabidi kuanzia upande wa pili: chukua jedwali la wanafunzi wote, kisha omba wale ambao hawana mstari wowote ulio wazi katika siku uliyoichagua. Wengi watakaotokea ni waliohitimu na walioacha, na ni rahisi kuwatenga kwa sababu ya kutoka iliyoandikwa kwenye mstari wao wa mwisho. Waliobaki, wenye sababu "amehama" na hakuna shule iliyowapokea, ndio wa kutafutwa mmoja mmoja, shule kwa shule. Orodha hiyo itolewe mapema kila mwaka, wakati bado kuna muda wa kuwaingiza kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa. Mzazi anayehamisha mtoto naye anaweza kusaidia kwa jambo dogo: wiki chache baada ya kupokelewa, amwombe mwalimu mkuu wa shule mpya afungue orodha ya darasa kwenye mfumo na amwonyeshe jina la mwanawe, si kwenye daftari tu.